Mti mkubwa umeinamia paa: nampataje mkataji anayejua kazi, na nitajuaje anaifanya kwa usalama?

KivuliKirefu

Wakuu, heshima kwenu. Nina mti mkubwa nyuma ya nyumba, umeinamia upande wa paa. Tawi moja nene limekauka, gome lake linabanduka vipande vipande, na juzi upepo umeangusha kijitawi kinene kama mkono wa mtu mzima. Nikaona isiwe tabu, nikaita wakataji.

Wamekuja wawili kwa nyakati tofauti. Wa kwanza kautazama mti akiwa bado pale getini, kataja bei, kasema msumeno uko kwenye gari na anaweza kuanza muda uleule. Wa pili kauzunguka mti, kafukua majani yaliyorundikana shinani, kagonga shina kwa nyundo ya mbao huku akisikiliza, kaniuliza kama kuna bomba au waya chini ya ardhi, ndipo akasema bei atanitumia kwa maandishi. Imekuja karibu mara mbili ya yule wa kwanza.

Mwenzangu anasema tawi ni tawi, tumchukue wa bei nafuu. Swali langu: hiyo nyongeza nanunua nini hasa? Na mimi ambaye hata panga silijui vizuri, siku ya kazi niangalie nini ili nijue mambo yanakwenda sawa?

NjiaPanda

Huyo wa kwanza achana naye mapema. Napiga kambi kwenye huu uzi, maana na mimi nina mti wa namna hiyo, ila wangu una waya wa umeme unaopita katikati ya matawi.

MsumenoWaJuu

Mkuu, mimi hii ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo yapime maneno yangu ukilijua hilo.

Sehemu kubwa ya hiyo nyongeza ni watu wa chini. Macho ya kila mtu huwa kwa yule aliye juu ya mti kwa sababu ndiye mwenye msumeno, lakini kazi hunyooka au huharibika kwa walio chini. Anatakiwa awepo wa kushika kamba ya kushushia magogo, awepo wa kuzuia watu wasiingie eneo la hatari, na mmoja wao lazima awe anajua kupanda na ana mkanda na kamba zake palepale, tayari. Mpandaji akijikata au akipigwa na tawi akabaki ananing'inia, wa kumshusha ni mwenzake aliye pale, siyo watu wa kupigiwa simu. Anayekuja na msumeno wake na kijana mmoja wa kuokota matawi ameikata gharama hiyo, na hatari yake amekuachia wewe.

Halafu kuna uzito. Chukua gogo la kipenyo cha sentimita 50 na urefu wa mita 1. Mbao mbichi ya miti mingi huwa kilo 800 hadi 1,000 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo hicho kipande kifupi kina kilo 150 hadi 200 hivi. Kikiachiwa kutoka mita 10 juu, kinafika chini ndani ya sekunde moja na nusu, na kinatua kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa. Sijui paa la nyumba linalostahimili hilo. Ndiyo maana juu ya nyumba hatuangushi, tunashusha. Gogo linafungwa kamba kabla ya kukatwa, kamba inapita kwenye roda (gurudumu la kupitishia kamba) juu ya mti, inarudi chini na kuzungushwa mara kadhaa kwenye chuma cha breki kilichofungwa shinani. Msuguano wa kamba na hicho chuma ndio unaobeba mzigo, siyo misuli ya mshikaji. Ukimwona mtu amejizungushia kamba mkononi au kiunoni, hapo hakuna fundi.

Waulize wote wawili: "Hilo tawi kavu utalishusha vipi?" Anayejua atakuonyesha kamba itafungwa wapi, yeye atakaa wapi, kipande cha kwanza kitakuwa na urefu gani. Tena atakwambia hajifungi kwenye tawi kavu wala hatundiki mzigo juu yake, kwa sababu mbao iliyokufa hailalamiki kwanza, inakatika tu. Asiyejua atakujibu "usijali bosi".

PangaButu

Wakuu mnakuza mambo. Babu zetu walikata miti mikubwa kuliko hiyo kwa shoka na kamba, hawakuwa na roda wala breki, na sisi hawa tupo. Hizi ni mbwembwe za kupandishia bei.

MsumenoWaJuu

PangaButu, babu zetu waliangusha miti kwenye uwanja mpana, mti ukalala utakapo. Hapa kuna paa, ukuta, bomba na jirani. Tena shoka ukilikosea linaishia ulipolipiga. Mnyororo wa msumeno wa moto, yaani wa injini, ukiwa kwenye kasi kamili unakimbia mita 20 au zaidi kwa sekunde. Ile robo ya juu ya ncha ya bao (ule ubapa mrefu ambao mnyororo unauzunguka) ikigusa kitu kigumu, msumeno unaruka kinyumenyume kuelekea usoni kabla mtu hajawahi hata kushtuka. Ndiyo sababu kuna breki mbele ya mkono wa kushoto, na ndiyo sababu msumeno haupandishwi juu ya mabega wala haushikwi kwa mkono mmoja.

Na zile suruali zetu nene siyo urembo. Ndani zina nyuzi ndefu zilizolazwa tabaka juu ya tabaka. Mnyororo ukichana kitambaa cha juu, nyuzi zinachomoka, zinavutwa hadi kwenye gia na kujisokota humo mpaka msumeno unakwama. Mkataji wa jinzi na ndala hata akiwa na kipaji, mguu wake hauna kipaji.

PangaButu

Hiyo ya suruali sikuijua. Lakini bei bado.

KaraniMstaafu

Niongezee upande wa karatasi, maana madai ya bima yanayohusu miti niliyashughulikia sana kabla sijastaafu.

Bima ziko mbili na watu wengi huuliza moja tu. Ya kwanza inalipa mali na watu wa nje: paa lako, gari la jirani, mpita njia. Ya pili inawahusu wafanyakazi wake mwenyewe. Kama hiyo ya pili hana, na kijana wake akavunjika mgongo ndani ya ua wako, usishangae jina lako likitajwa kwenye madai.

Usiridhike kuonyeshwa karatasi kwenye simu kwa sekunde kumi. Omba nakala. Angalia tarehe ya mwisho, angalia kama jina lililoandikwa ndilo la huyo aliyekupa bei, kisha nenda kwenye maelezo ya kazi, maana mtego hukaa hapo. Nimepata kushika karatasi halali kabisa, muhuri upo, tarehe haijapita, lakini kazi iliyoandikwa ni "kutunza bustani", na ndani ya masharti kuna mstari mmoja unaoondoa kazi zote za kupanda juu. Gogo lilikuwa limeingia hadi chumba cha kulala. Kampuni ilikataa kulipa, na mstari ule uliilinda. Kwa hiyo ukishasoma, ipigie kampuni ya bima kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, siyo ile iliyo kwenye karatasi.

Makubaliano yawe ya maandishi: tawi lipi, linakatwa hadi wapi, magogo yanabaki au yanaondoka, nani anasafisha, kigae kikivunjika nani analipa. "Kupunguza mti" siyo maelezo ya kazi. Kwako ni kuondoa matawi mawili, kwake ni kuukata nusu. Malipo ya mwisho yatoke baada ya kukagua. Na wale wanaopita nyumba kwa nyumba mara tu baada ya dhoruba, wakitaka hela yote mkononi kwanza, hao ndio waliokuwa wananijazia mafaili mezani.

Jambo jingine, kabla ya kukata chochote ulizia mamlaka ya eneo lako kama mti huo unahitaji kibali. Nchi nyingi zina miti inayolindwa. Uingereza, kwa mfano, mti ukiwekewa amri ya ulinzi, kuukata au hata kuupogoa bila idhini ya halmashauri ni kosa la jinai, na mwenye nyumba anaweza kushtakiwa pamoja na mkataji.

KivuliKirefu

Mzee wangu KaraniMstaafu, asante sana, hayo ya kusoma maelezo ya kazi sikuwa nayo kichwani. Na vyeti je? Kuna cheti cha kumuuliza?

MsumenoWaJuu

Vipo, ila vinategemea nchi. Kile kinachojulikana mataifa mengi ni cha International Society of Arboriculture, chama kilichoanza 1924. Njia ya kawaida ya kufika kwenye mtihani wao ni uzoefu wa miaka 3 kwenye kazi hii, na kila baada ya miaka 3 lazima cheti kihuishwe. Jina la mwenye cheti unaweza kulihakiki kwenye tovuti yao. Kumbuka tu kwamba cheti hicho kinapima ujuzi wa miti. Ufundi wa msumeno na wa kupanda una mafunzo yake tofauti, kwa hiyo ulizia vyote viwili.

Kama kwenu hakuna mfumo wa vyeti, omba kuonyeshwa kazi aliyoifanya mwaka juzi au nyuma zaidi. Usipelekwe kwenye kazi ya juzi, maana mti uliokatwa vibaya hupendeza wiki ya kwanza. Na muulize vifaa vya kupandia vilikaguliwa lini. Uingereza sheria inataka vifaa vinavyobeba mtu vikaguliwe na mjuzi kila baada ya miezi 6. Hata pasipo na sheria hiyo, mwenye kujali maisha yake anajua kamba yake ina umri gani.

ShangaziWaBustani

Wanangu, mmeongea bima, mmeongea kamba, mbona hamjamuuliza mwenzenu kama huo mti unaumwa?

Kuinama peke yake siyo ugonjwa. Mti ulioinama tangu utotoni hujirekebisha: shina linajipinda taratibu kurudi juu, na ilipopinda unaona imenenepa. Huo unaweza kuishi hivyo hadi wajukuu wako wazeeke. Wa kuogopa ni ule ulioinama karibuni. Nenda ukatazame ardhi upande wa pili wa mwinamo. Udongo ukiwa umeinuka, umepasuka, au mizizi imejitokeza kama imevutwa, ondoa watoto na magari hapo leo hii. Tazama na uyoga unaoota shinani au juu ya mizizi minene, kwa sababu uyoga ule ni tunda tu. Mwili wa kuvu uko ndani unakula mbao. Tazama panda za mti: zilizoachana kwa upana kama herufi U huwa imara, zilizobanana kama V mara nyingi zimekunja gome katikati na hazijashikana kweli. Na ulizia kama kuna mtu amechimba mtaro karibu, maana mizizi mingi ya mti haiendi chini sana. Imetandaa kwenye tabaka la juu la udongo, na huvuka mbali nje ya kivuli cha matawi.

Sasa mkataji akikwambia "nitaukata kichwa uwe salama", mkatalie. Mti uliokatwa kichwa unatoa machipukizi mengi kwa pupa, na hayo yanashikilia tabaka la juu tu la mbao, pembeni ya kidonda kinachooza. Miaka michache baadaye una matawi mazito yasiyo na mshiko, juu ya paa lilelile. Akitaka kupanda kwa njumu za chuma za miguuni wakati mti unabaki hai, mkatalie pia. Kila hatua ni tundu kwenye gome. Njumu ni za mti unaoondolewa au za kumwokoa mtu.

Kuna bwana mmoja wa Marekani, Alex Shigo, alikuwa mtafiti wa Idara ya Misitu huko. Alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kuanzia juu hadi chini ili aone uozo unavyosafiri ndani. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walitoa maelezo ambayo wapogoaji wanayafuata hadi leo: mti haurudishi nyama kwenye kidonda kama sisi, bali unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyoharibika na kuifungia humo. Kuta hizo zinaanzia pale tawi linapotokea shinani, kwenye ile pete iliyovimba. Ukilikata tawi sawasawa na shina, umeikata na pete, umebomoa ulinzi. Ukiacha kigutu kirefu, kinakufa na kuoza kuelekea ndani. Msumeno upite nje kidogo tu ya pete.

Na tawi nene halikatwi mara moja, litachana gome hadi chini. Linakatwa kwanza kwa chini, kama sentimita 30 kutoka shinani, kina kidogo. Kisha kwa juu, mbele kidogo ya hapo, lianguke. Kinachobaki ndicho kinamaliziwa penye pete. Mkifika kwenye kupunguza uzito, asiondoe zaidi ya robo ya majani mabichi kwa mkupuo mmoja. Kwa mti mzee, aondoe pungufu ya hapo.

KivuliKirefu

Shikamoo shangazi. Nimetoka sasa hivi kuangalia. Udongo haujainuka popote, shina limejipinda kurudi juu vilevile ulivyosema, uyoga sijauona. Kumbe yule wa pili alipofukua majani shinani alikuwa anatafuta hayo.

ShangaziWaBustani

Marahaba mwanangu. Ndiyo hayo. Na kugonga kwa nyundo ni kusikiliza kama kuna uwazi ndani.

NjiaPanda

Na mimi mwenye waya je? Kuna jamaa ameniambia ule waya una plastiki, anaweza kukata huku anaukwepa.

MsumenoWaJuu

NjiaPanda, huyo usimpe hata ngazi. Plastiki ya juu ya waya wa nguzoni wakati mwingine ni ya kuzuia jua na mvua, siyo ya kumlinda mtu, na ikiwa imezeeka imepasuka. Mti mbichi una maji na chumvi, unapitisha umeme, ukilowa na mvua ndiyo kabisa. Hata hulazimiki kuugusa waya. Kwenye msongo mkubwa umeme unaruka hewani.

Kanuni za Marekani zinamtaka mtu asiye na mafunzo ya laini za umeme akae angalau mita 3 kutoka kwenye waya wa hadi kilovolti 50, na mbali zaidi msongo ukipanda. Umbali huo unahesabiwa na kila alichoshika, pamoja na msumeno wa mpini mrefu na tawi linaloanguka. Wewe pigia shirika la umeme la kwenu. Wao watazima laini, au wataleta kikosi chao, au watakata sehemu iliyo karibu na waya kisha mkataji wako amalizie iliyobaki.

Waya ukishaanguka chini, kaeni mita 10 au zaidi, hata kama hautoi cheche. Aliyejikuta karibu asikimbie. Abananishe miguu na kuondoka kwa kuburuza nyayo kidogo kidogo, maana umeme unatambaa ardhini na hatua ndefu inauingiza mguu mmoja na kuutoa mwingine.

KivuliKirefu

Mkuu, malizia basi ile ya siku ya kazi.

MsumenoWaJuu

Sawa. Kwanza, hawaanzi kwa kuwasha msumeno. Wanatakiwa wasimame pamoja, wautazame mti, wakubaliane nani anafanya nini na ishara za kuitana. Mambo ya dakika chache tu, lakini wakiyaruka, nina wasiwasi nao. Wanazungushia utepe au koni eneo la chini. Kama mti mzima unaangushwa, mtu yeyote asiye kwenye kazi akae umbali wa mara mbili ya urefu wake.

Mpandaji akikata kwa msumeno kule juu awe amefungwa sehemu mbili: kamba yake ya kupandia, na ukanda mwingine unaozunguka shina, wenye waya wa chuma ndani ili mnyororo ukiukosea usikatike kirahisi. Akijifunga kwa kamba moja na ikakatwa, ameondoka. Ukiona ngazi imeegemezwa kwenye tawi na mtu juu yake ana msumeno wa moto, waite washuke. Tawi likikatwa linapungua uzito na kuinuka, ngazi inabaki haina pa kuegemea, au gogo linarudi na kuipiga.

Aliye chini haingii chini ya mti mpaka aliye juu amejibu. Wanaitana na kuitikiana kila mara. Ukimya kwenye kazi hii unanitisha kuliko kelele. Kwenye mashine ya kusaga matawi, anayelisha asimame pembeni ya mdomo, na asiwe na nguo inayopepea.

Usikubali kushikishwa kamba. Wateja wengi wanapenda kusaidia, na mkataji mwenye upungufu wa watu atakuomba kwa upole sana. Ukiishika, umekuwa mfanyakazi asiye na mafunzo wala bima. Na ukiona jambo la kukutia hofu, usiende chini ya mti kupiga kelele. Mwite yule wa chini kwa ishara ukiwa nje ya utepe.

Upepo ukiongezeka wakasema tunasitisha, usiwanunie. Umepata watu.

PangaButu

Mtu wa umri wangu kumbe nimeshika kamba za watu mara ngapi sijui. Endeleeni.

KivuliKirefu

Wakuu, mrejesho. Nilimuuliza wa kwanza habari ya bima, akanijibu "bima yangu ni Mungu". Nikamshukuru tukaagana vizuri. Wa pili alinitumia karatasi zote mbili, nikapiga simu, ni za kweli, na kazi ya kupanda miti imetajwa. Kwenye makubaliano ameandika kuondoa tawi kavu lote, kupunguza ncha za matawi upande wa paa, kutokata kichwa, magogo yabaki kwangu.

Walikuja wanne. Kilichonishangaza ni kwamba tawi lile walilishusha vipande vidogo vidogo, kila kimoja kinatua kama kimelazwa. Katikati upepo ukaja, wakashuka wote wakakaa, kisha wakarudi siku iliyofuata kumalizia. Kigae hakikuguswa. Mwenzangu alisimama dirishani muda wote, na bei hajaitaja tena.

Nimebakiwa na swali. Pale walipokata pako wazi, panang'aa, kuna utomvu unatoka. Jirani anasema nipake rangi au lami pasioze. Nipake?

ShangaziWaBustani

Usipake kitu. Lami haizuii kuvu, na mara nyingine inafungia unyevu humo ndani ukazidi kulea kuvu. Mti wenyewe unajenga kuta zake. Acha pakauke.

Ukiweza, piga picha ya kidonda leo, na uwe unapiga nyingine kila msimu. Utaona ukingo wa gome jipya unajikunja kuingia ndani kuanzia pembeni. Ukizunguka pande zote, walikata vizuri. Ukiziba pande mbili tu na juu na chini pakabaki wazi, ujue walikata karibu mno na shina. Ikitokea uyoga ukaota pale, au mbao ikawa laini ukiibonyeza kwa bisibisi, mwite huyohuyo wa pili aje kukagua kabla ya msimu wa upepo.